Kadi Nyekundu kwenye Kona ya Oli

Arua, 1977

Jumatano, 3 Agosti
Mvua tangu asubuhi. Naanza kuandika nyuma ya daftari langu la ukaguzi la Nakuru, maana karatasi haipatikani na kurasa za huku ni tupu. Kurasa za mbele zina vipimo vya mabehewa vya miaka kumi na sita. Kazi yangu ilikuwa kutembea kando ya treni na nyundo, kugonga magurudumu na kusikiliza. Reli ya Afrika Mashariki ilipogawanywa mwanzoni mwa mwaka, sisi watu wa Uganda tukarudishwa kwetu. Hapa Arua hakuna cha kugonga. Treni ya karibu iko Pakwach.

Ayikoru, mke wangu, amesema kama nataka kukaa ndani siku nzima nitafute kiti kingine. Hiki kinatakiwa jikoni.

Jumamosi, 6 Agosti
Behewa la kwanza limekamilika. Ni behewa la mizigo lenye paa, la ekseli mbili. Nimelikata kutoka debe la mafuta ya kupikia: kila futi ya behewa la kweli ni nusu inchi kwangu. Ribiti, vile vichwa vya misumari ya chuma, nimezitoa kwa kugonga msumari upande wa ndani, mia na kumi na mbili kila ubavu. Milango inateleza. Magurudumu ni mti mgumu, nimeyavika ukingo wa bati.

Fadhul seremala, ambaye banda lake liko ng'ambo ya njia, amelikagua kwa muda mrefu.

"Bwana Reli, hii inabeba abiria ama inabeba sadini?"

Jumapili, 7 Agosti
Mvua. Nimepaka behewa rangi: vumbi la matofali na gundi ya mti. Halijakauka.

Jumanne, 9 Agosti
Amekuja Adrabo kwa baiskeli, suruali ina tope hadi magotini. Ni kijana aliyesoma, katibu wa kamati ya maonyesho ya tarehe nane Oktoba. Amelizungusha behewa mkononi.

"Mzee Ocama, hii umetengeneza na mikono?"

"Na miguu pia," Ayikoru akajibu kutoka jikoni. "Anakanyaga madebe yangu."

Adrabo akasema kuna mgeni mkubwa anakuja kutoka Kampala. Kamati inataka kumwonyesha reli.

"Reli gani?"

"Ya kutoka Pakwach, ipite Arua, ifike Koboko. Reli yetu."

Nikamwuliza ni nani aliyeipima. Nikamwuliza iko wapi ramani. Akacheka.

"Ramani ni wewe, mzee. Wewe ni mutu ya reli, sivyo?"

Kisha akaniambia jambo ambalo limenifanya nikubali. Barua yangu ya kuomba kazi stesheni ya Pakwach imelala tangu Machi. Ataibeba yeye na kumpa mgeni mkononi siku hiyo ya maonyesho, akishaona kazi yangu. Ayikoru ameleta chakula cha jioni mapema.

Ijumaa, 12 Agosti
Fadhul amepata milango miwili ya duka lililofungwa tangu Wahindi wenyewe walipofukuzwa mwaka wa sabini na mbili. Ameipigilia misumari ubavu kwa ubavu, imekuwa meza. Haiingii kwangu, kwa hiyo kazi yote itafanyika bandani kwake.

Treni yangu haina moto wala mvuke. Itateremka kwa uzito wake, na kwa bahati nzuri nchi yenyewe inateremka hivyo hivyo: Koboko juu, Pakwach chini kando ya mto. Koboko nimeiinua kwa matofali matatu. Pakwach nimeweka sanduku la mchanga, treni ijizuie hapo.

Reli inatoka Koboko na kufuata mlango wa kwanza hadi mwisho wake. Hapo lazima igeuke, kwa sababu mbele hakuna mlango, kisha inarudi kwa mlango wa pili hadi Pakwach. Katikati nimeacha nafasi ya mji, msikiti na soko, kwa hiyo kona haina nafasi ya kutanuka. Kona hiyo imeangukia Oli, mtaa wetu. Ningepata mlango wa tatu, ingeangukia kwingine.

Jumanne, 16 Agosti
Majirani wameanza kufunga Ramadhani. Nimenyoosha spoki ishirini za baiskeli kuwa reli. Mataruma, vilalio vya reli, ni vipande vya mwanzi. Mgongo unauma.

Jumamosi, 20 Agosti
Siku mbaya. Mabehewa yote matatu niliyokwisha kutengeneza yanaanguka kwenye kona, daima mahali pale pale. Nimepima reli, iko sawa. Nimepima magurudumu, yako sawa. Kosa ni kona. Ni kali mno kwa behewa la urefu huu.

Nimefanya jambo ambalo sikutarajia kulifanya. Nimetanua matundu ya ekseli kwa tupa ili zicheze. Sasa mabehewa yanapita kona yakijipinda kama mtu aliyelewa, na Fadhul amepiga makofi. Nakuru, behewa lenye ekseli kama hizo ningelitundikia kadi nyekundu. Kadi nyekundu ikishatundikwa, behewa halisogei hata hatua moja. Stesheni masta mwenyewe hana ruhusa ya kuiondoa. Anayeiondoa ni mkaguzi aliyeitundika, akisharidhika.

Ni mchezo tu, nimejiambia. Ni wa maonyesho.

Jumatatu, 22 Agosti
Mvua ya mawe. Hakuna kazi.

Jumamosi, 27 Agosti
Nimejenga Oli. Ningeweza kuweka vibanda vyovyote, lakini sijui kufanya kitu bila kukipima. Nimepita njiani na kamba nikapima nyumba kumi na moja. Ya Mama Hawah, jirani yetu Mnubi, ndiyo iliyo karibu kabisa na reli, kwenye kona. Mlango wake ni wa buluu, nimeupaka kwa rangi ya bulu ya kufulia. Juu ya paa lake kuna kiraka cha bati kilichopinda upande mmoja. Nacho nimekiweka.

Alasiri akaja kuona. Ni mjane, marehemu mume wake alikuwa askari wa keya, jeshi la Waingereza, na nyumba hiyo ilijengwa na baba wa mume. Anasuka makawa ya kufunikia chakula, na vidole vyake wakati wote vina rangi, leo nyekundu.

"Weh, Ocama! Mlango yangu hii! Mpaka kiraka iko!" Akainama hadi pua ikakaribia paa. "Na mimi iko wapi?"

"Uko ndani, Mama. Umefunga, unapumzika."

"Kweli. Mutu ya kufunga hapana toka na jua hii." Akacheka mpaka akashika ubavu. Sijamwona akicheka hivyo tangu tulipohamia.

Jumapili, 4 Septemba
Banda la Fadhul limekuwa kama soko. Kila anayeingia anatafuta nyumba yake. Asiyeiona ananiuliza mimi amekosa nini. Mzee mmoja amesema msikiti wangu umegeuka upande, nikaugeuza. Draku, mkulima kutoka Dranya, amekuja na kuku chini ya kwapa.

"Kati ya Koboko na Arua umeweka kitu gani hapa?"

"Majani."

"Hapana majani, ni muhogo yangu. Weka stesheni."

Nikamwambia hii si reli ya kweli. Akanitazama kama mtu anayemtazama karani asiyetaka kufungua dirisha. Ameacha kuku. Nimemrudisha kwa mtu anayekwenda njia moja na Draku, na sina hakika kama kuku atafika.

Jumatano, 7 Septemba
Behewa la tatu nimeligeuza kuwa gari la gadi, la mlinzi wa treni, na breki yake inazunguka. Hakuna atakayeiona. Sukari imekwisha nyumbani.

Jumanne, 13 Septemba
Naandika hili polepole.

Asubuhi nilisikia Mama Hawah akiniita kutoka uani kwake, siyo kwa sauti ya kawaida. Nilimkuta amesimama kati ya vigingi vinne vilivyochomekwa ardhini, vyeupe, vimetoka kuchongwa. Viwili viko mbele ya nyumba na viwili nyuma. Alivipita kwa tahadhari kama mtu anayekwepa dimbwi.

Watu wawili wa kamati walikuja na utepe alfajiri. Walimwambia reli inapita hapo na nyumba itabomolewa. Ahame kabla mwezi wa Oktoba haujaisha, mgeni akishaona na kukubali. Aliwauliza nani alisema. Wakamwambia aende kwa Fadhul akatazame mwenyewe, mbona nyumba yake iko pale, na mlango wa buluu.

"Ocama," akaniambia, "mimi nilicheka. Nilifikiri unafanya nyumba yangu kwa uzuri."

Nilimwambia kuwa hakuna reli, kuwa kona iko pale kwa sababu mlango wa duka umeishia pale. Hakunielewa. Maneno yenyewe yalikuwa ya aibu hata masikioni mwangu. Niliinama ning'oe kigingi, akanishika mkono.

"Wacha. Watarudi na watu ya bunduki. Mimi iko peke yangu hapa."

Nilikwenda kwa miguu hadi ofisi ya Adrabo. Nilingoja hadi saa saba. Nilimweleza yote: milango, mlango wa tatu uliokosekana, kona. Alinisikiliza akiwa amefunga macho.

"Mzee, unataka mimi niambie kamati reli yao iko hapo kwa sababu ya mbao?"

"Ndiyo."

"Wameshaandika kwa programu: njia iliyopendekezwa. Imekwenda Kampala."

"Basi niisogeze. Siku mbili zinatosha. Nitaipitisha kwenye majani."

"Halafu uiweke juu ya nyumba ya nani? Ukiisogeza wataniuliza nani amekupa hongo. Wataniuliza mimi, mzee, si wewe." Alifungua macho. Ni kijana, na nimemwona leo jinsi anavyoogopa. "Na barua yako iko hapa. Nimeiweka juu kabisa."

Akanionyesha. Ilikuwa juu kabisa, kweli.

Jumatano, 14 Septemba
Sikwenda bandani.

Alhamisi, 15 Septemba
Idi. Mwaka jana tulipokuwa likizo Mama Hawah alituletea sinia la biskuti. Leo ameleta sinia tena, lakini amelikabidhi mlangoni na hakuingia. Ayikoru amekaa nalo mapajani.

"Zimepikwa kwa sukari," amesema. "Ameitoa wapi?" Kisha, akivunja biskuti moja: "Nakuru uliwahi kutundika kadi kwa treni ya waziri, na hukuogopa."

Nilikuwa na kitabu cha sheria mfukoni wakati ule. Ukurasa wake niliujua. Siku hizi sijui mfukoni nina nini.

Jumatatu, 19 Septemba
Mvua. Nimesoma daftari tangu ukurasa wa kwanza. Behewa la aina ile, lenye ekseli zisizocheza, kona kali kabisa inayoruhusiwa kwake imeandikwa hapo kwa mwandiko wangu. Nimeipunguza kwa kipimo changu. Inahitaji milango minne ya duka, si miwili.

Kwa hiyo nilijua tangu tarehe ishirini ya Agosti. Tupa ndiyo iliyodanganya, na tupa niliishika mimi.

Alhamisi, 22 Septemba
Nimeanza behewa la nne. Hili nalifanya kwa kipimo cha daftari, bila kuongeza wala kupunguza, na ekseli nimezikaza.

Jumamosi, 24 Septemba
Fadhul ameuliza mbona sijaribu behewa jipya relini. Nimesema rangi haijakauka.

Jumatano, 28 Septemba
Ribiti. Macho yanawasha. Ayikoru ameanza kuvuna ufuta peke yake. Hajalalamika, nami ningependa alalamike kidogo.

Jumamosi, 1 Oktoba
Behewa la nne limekwisha. Ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nimelitia vipande vya madini ya risasi sakafuni ili liwe na uzito wa shehena ya tumbaku. Fadhul alipokwenda sokoni, nililipitisha relini mara sita. Limeanguka mara sita, mahali pale pale.

Jumatano, 5 Oktoba
Adrabo amekuja kuona. Treni ya mabehewa matatu imeteremka kutoka Koboko hadi mchangani bila kuanguka. Amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Behewa la nne lilikuwa juu ya rafu, limefunikwa gunia. Hakuuliza.

Nilimwambia: "Bwana Adrabo, siku ile nitaongeza behewa moja."

"Ongeza hata kumi, mzee."

Hiyo ndiyo ruhusa niliyopewa. Nimeiandika.

Ijumaa, 7 Oktoba
Meza imebebwa ukumbini na watu wanane. Msikiti umevunjika mnara, nimeulehemu. Nimetafuta sandukuni nikapata kadi zangu za zamani. Zimebaki tatu. Wekundu wake umefifia kidogo. Ayikoru ameniona nikitia moja mfukoni mwa shati, akainyoosha kola ya shati.

Jumapili, 9 Oktoba
Jana sikuweza kuandika.

Ukumbi ulijaa. Wanawake wa kamati waliimba, vikundi vya ngoma vilipita nje kwenye tope. Mgeni aliingia saa tano na watu wake. Ni mtu mnene, amechoka na safari, alitazama pamba, alitazama tumbaku, alitazama ng'ombe aliyeingizwa ndani kwa makosa. Alipofika mezani alisimama. Uso wake ulibadilika, akawa kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha utotoni. Alifungua na kufunga mlango wa behewa kwa kidole kimoja.

"Nani ametengeneza?"

Adrabo alinisukuma mbele. Barua yangu niliiona ndani ya faili lake, ncha yake imejitokeza. Mama Hawah alikuwa nyuma karibu na mlango, na shuka lake la Idi.

"Na inatembea?" mgeni akauliza.

"Inatembea, mheshimiwa. Inabeba tumbaku."

Nikapanga treni Koboko. La nne nililiweka mbele ya yote. Nikaondoa kizuizi.

Iliteremka vizuri. Watu walianza kupiga makofi ikiwa bado mlango wa kwanza. Ilipofika kwenye kona behewa la nne halikujipinda. Lilikwenda mbele kama lilivyotakiwa kwenda, likapanda ukingo wa reli, likaingia ndani ya nyumba ya mlango wa buluu, na yale matatu yakalifuata juu ya paa. Uzito wa behewa ulipiga mbao kwa sauti. Makofi yalikatika.

Adrabo alisema kwa sauti ya chini, "Mzee, mzee, mzee."

Nilitoa kadi mfukoni. Mkono ulikwenda wenyewe kama ulivyokwenda miaka kumi na sita. Niliandika kwa penseli tarehe na jina, nikaitundika kwa uzi kwenye reli ya kona.

"Nini hiyo?" mgeni akauliza.

"Kadi ya ukaguzi, mheshimiwa. Nilikuwa mkaguzi wa mabehewa. Haya matatu nilitanua ekseli zake yapite. Ni kosa langu. Hili la mbele lina vipimo vya kweli. Kona hii ni kali, behewa la kweli haliwezi kupita hapa. Mkaguzi yeyote atakuandikia hivyo."

"Na kona nani alichora?"

Nilisikia mvua juu ya mabati. Niliona Adrabo amebana faili kifuani, na nikamwonea huruma.

"Hakuna aliyechora, mheshimiwa. Mlango uliishia hapo."

"Mlango gani?"

Nikainua kitambaa kilichofunika ubavu wa meza. Chini yake bado kuna kitasa cha duka, na tundu la barua.

Mgeni alikitazama kitasa. Alianza kucheka kwanza tumboni, kisha mabegani, na ukumbi mzima ukangoja kujua ni kicheko cha aina gani. Alipofuta macho, watu wake nao wakacheka.

"Basi tafuteni njia nyingine," akamwambia Adrabo, "na mbao ndefu zaidi." Akaenda kutazama asali.

Barua haikutoka kwenye faili.

Jumanne, 11 Oktoba
Adrabo amekuja kwa miguu, baiskeli imekatika mnyororo. Hakuketi. Alisema kamati imevunja shauri la Oli, maana hakuna anayetaka kuwa mtu wa kwanza kulitaja tena. Alisema barua yangu hataweza kuibeba tena popote, jina langu sasa linajulikana, na nisimwulize linajulikana kwa nini. Akaiweka mezani. Imekunjamana.

"Nilikuwa nimeiweka juu kabisa, mzee."

"Nilijua, mwanangu."

Ayikoru akampa uji, akaunywa amesimama.

Jumatano, 12 Oktoba
Tumevuna ufuta wote wawili. Mgongo.

Ijumaa, 14 Oktoba
Nimepita kwa Mama Hawah. Vigingi vinne amevihamisha upande wa jua na kuvifunga kamba, na ukindu uliotiwa rangi umening'inia kukauka: nyekundu, kijani, zambarau.

"Mti nzuri," akaniambia. "Kamati ilichonga sawasawa."

Nikamwomba radhi kwa nyumba ile ndogo. Paa limebondeka, na mlango wa buluu umevunjika katikati.

"Nyumba ile ivunjike tu," akasema. "Mimi silali kule." Kisha akaniuliza kama ni kweli nimekosa Pakwach. Nikasema ni kweli. Alisuka mistari miwili kabla ya kusema tena. "Kaa kidogo. Kuna chai, sukari ndiyo hapana."

Nikakaa.

Jumatatu, 17 Oktoba
Mvua zinapungua. Amekuja mtu kutoka kamatini, Adrabo hakuja mwenyewe. Wanataka kuipeleka meza Koboko kwa sherehe nyingine. Watatengeneza paa la nyumba, watatumia mabehewa matatu yanayopita, na lile la nne libaki. Wanachoomba tu ni niende ukumbini nikaondoe kadi, kwa sababu hakuna aliye tayari kuigusa.

Nilimweleza sheria. Aliyeitundika ndiye anayeiondoa, baada ya kukagua na kuridhika.

"Basi njoo ukague, mzee. Dakika tano."

Nilimwambia nina ufuta wa kupepeta. Nikaurudisha ungo mkononi, na yeye akasimama pale kidogo, halafu akaenda.